Kansere na wazee wa Kasongo na Kabambare: juu ya nini mwito wa kupima haufiki nyumbani

Kila mwaka, tarehe 4 mwezi wa pili, siku ya dunia ya kupambana na kansere, na tena mwezi wa kumi uliowekwa kwa ajili ya kansere ya maziwa, mwito ni ule ule: wakaaji waende kupima mapema. Lakini katika teritware za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, muzee wa miaka 60 mwenye kusikia mwito huo anabaki na maswali. Aende wapi? Apimwe nini? Alipe feza ngapi? Na wakimukuta nayo, nini itafuata? Wengi wanasema wazee ni wakaidi. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya shida iko ndani ya habari yenyewe wanayopewa.

Mutu mzima anaenda kutafuta nini kwa muganga?

Neno la kwanza lenye kuchanganya ni "kupima". Kwa kituo cha afya, kupima kwa kila siku ni kutafuta sababu ya maumivu ambayo tayari yako: homa, tumbo, kikohozi. Depistaje ni kitu kingine. Ni kutafuta ugonjwa ndani ya mutu ambaye hajasikia kitu, juu kansere nyingi zinaanza kimya na zinakaa miaka mbele ya kuuma.

Muzee amefundishwa na maisha kwamba kwa muganga mutu anaenda siku ameshindwa. Siku hiyo analipa fishi, analipa konsiltasio, analipa maabara, kiisha analipa dawa. Feza hiyo inatoka kwa mupunga, kwa muhogo, kwa mafuta ya ngazi. Sasa anaambiwa aitoe siku ambayo hana maumivu, kwa kutafuta ugonjwa ambao pengine hauko. Kwa hesabu ya nyumba, hiyo ni hasara. Tangazo lenye kusema tu "njooni mupime" halijajibu hesabu hiyo.

Kwa upande wa wamama kuna shida nyingine. Mama kijana anajuana na kituo cha afya kwa njia ya mimba, kujifungua na chanjo za watoto. Kila mara anasikia mafundisho ya muganga. Siku mutoto wa mwisho amemaliza chanjo, mulango huo unafungwa. Mama wa miaka 55 hana tena siku yake kwa kituo. Hakuna karati anayopewa, hakuna mazungumuzo ya asubuhi anayokaa kusikiliza. Kumbe ni katika miaka hiyo ndiyo kansere zinaongezeka.

Wazee wanajua depistaje tangu zamani

Kusema kwamba wazee hawaelewi kupimwa bila kuugua si kweli. Maniema ni kati ya majimbo ambamo ugonjwa wa usingizi ulikaa miaka mingi. Tangu wakati wa Wabelgiji na hata kiisha uhuru, timu zilikuwa zinapita kijiji kwa kijiji. Watu wote wanapangwa mustari, wazima na wagonjwa. Muganga anagusa shingo kutafuta uvimbe, anachukua damu, na mwenye kushukiwa anapigwa shindano ku mugongo ili waangalie kama ugonjwa umefika ku ubongo. Hiyo ilikuwa depistaje kabisa, hata kama hakuna aliyeiita jina hilo.

Shindano la mugongo liliogopesha watu sana, na wakati wa ukoloni kwenda kwa mustari haikuwa mapenzi ya mutu. Hilo nalo limebaki katika kumbukumbu. Lakini kazi ilifanyika, na sababu zake zinafaa kutazamwa leo. Timu ilikuja kwenye watu, si watu kuitafuta timu. Kijiji kizima kilipimwa pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeonyeshwa kidole. Na mwenye kukutwa na ugonjwa alipata dawa, hata kama dawa za zamani zilikuwa kali. Mwaka wa 2018 kidonge kinachoitwa feksinidazole, ambacho majaribio yake makubwa yalifanyika hapa Congo, kilikubaliwa, na wagonjwa wengi sasa wanaweza kutunzwa bila kuchomwa mashindano. Tangu mwaka huo, wagonjwa wapya wanaohesabiwa katika dunia nzima hawafiki 1000 kwa mwaka.

Muzee aliyeishi hayo anajua kwamba kupima na dawa vinatembea pamoja. Akisikia kupima bila kusikia dawa, anajiuliza kama wanamuita kwa kumutunza ao kwa kumutangazia kifo tu.

Kivuli cha Mobutu

Kwa wababa, kansere ina jina moja kubwa. Katika mwezi wa nane 1996 Rais Mobutu alipasuliwa huko Lausanne, Uswisi, juu ya kansere ya prostati. Vita vya AFDL vilianza yeye akiwa bado Ulaya. Tarehe 7 mwezi wa tisa 1997 alikufa Rabat, Maroko, akiwa ameangushwa. Watu wa miaka 50 na zaidi wanakumbuka habari hiyo vizuri. Wengi walibaki na fundisho moja: kama mwenye inchi, mwenye feza na waganga wa Ulaya, hakupona, mukulima wa Kabambare atapona namna gani?

Mufano wa Mobutu ni wa kweli, lakini si mufano pekee wa Afrika. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikutwa na kansere hiyo hiyo mwaka wa 1997, mwaka ule ule Mobutu alikufa. Aliishi nayo, akitunzwa, mpaka mwisho wa 2021, akiwa na miaka 90. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka wa 2001 na akatunzwa kwa mionzi. Alikufa 2013 akiwa na miaka 95. Wote walitunzwa katika inchi yenye mahospitali makubwa, hilo lazima lisemwe. Lakini habari zao zinaonyesha kwamba kansere ya prostati mara nyingi inaenda polepole, na kwamba neno kansere halina maana ya kufa mwezi ujao.

Hapa pia habari inafaa kuwa sawa. Muzee anayeamuka mara nne usiku kwenda kukojoa, ao ambaye mukojo unatoka kidogo kidogo, mara nyingi hana kansere. Prostati inakua na umri, na kukua huko peke yake kunaweza kubana njia ya mukojo. Kwa upande mwingine, kansere ya prostati mwanzoni inaweza kukosa dalili yoyote. Kipimo cha damu kinachoitwa PSA kinaweza kupanda juu ya kansere, lakini pia juu ya ambukizo ao kukua kwa kawaida. Kwa hiyo PSA si hukumu, na Shirika la Afya Duniani, OMS, halisemi wababa wote wapimwe kwa lazima. Ni jambo la kuzungumuza na daktari, zaidi kwa baba ambaye kwa jamaa yake mutu alikwisha kuugua. Lenye haraka ni hili: damu katika mukojo, mukojo kuziba, maumivu ya mifupa ya kiuno yasiyoisha. Baba mwenye hayo asifiche kwa haya ya kuguswa na kijana wa umri wa mutoto wake. Muganga anayepima kwa kidole anafanya kazi ya dakika moja, kwa siri, na hakuna heshima inayopotea.

Kwa wamama, umri unabadilisha ujumbe

Kansere ya mulango wa kizazi ndiyo inafaa kuelezwa kwa uangalifu zaidi. Kwa hesabu za OMS, mwaka wa 2022 wamama karibu 660 000 waliipata katika dunia, na karibu 350 000 walikufa. Zaidi ya 9 kati ya vifo 10 vilikuwa katika inchi za kipato kidogo na cha kati. Na hii ni moja ya kansere ambazo zinaweza kuzuiwa kabisa.

Inaletwa na virisi inayoitwa HPV. Karibu kila mutu aliyefanya tendo la ndoa anaipata siku moja, na kwa wengi mwili unaifukuza. Kwa wachache inabaki. Kutoka virisi mpaka kansere, kwa kawaida inapita miaka 15 mpaka 20. Kwa mama mwenye virisi ya SIDA asiyetunzwa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Katikati ya njia hiyo ndefu kuna wakati ambapo ngozi ya mulango wa kizazi imeanza kubadilika lakini haijawa kansere. Ukiikuta wakati huo, unaiondoa, na kansere haiji.

Kuna kipimo rahisi: muganga anapakaa asidi ya vinegri, anangoja dakika moja, kisha anaangalia kwa macho kama kuna mahali pamegeuka peupe. Hakiombi maabara wala umeme mwingi. Lakini kina mupaka ambao matangazo mengi hayausemi. Mama akikoma kuona mwezi, ile sehemu inayopaswa kuangaliwa inaingia ndani na haionekani tena vizuri. OMS inaomba wamama wa miaka 30 mpaka 49 wapimwe kwanza, na wale wenye virisi ya SIDA waanze na miaka 25. Kwa wamama wa 50 mpaka 65 ambao hawajapimwa hata siku moja, OMS inasema nao wapewe nafasi pale ambapo vifaa vinavyofaa kwa umri wao viko. Kipimo chenye kufaa zaidi kwao ni kile cha kutafuta virisi yenyewe. Mama anaweza kujichukulia majimaji kwa kijiti chenye pamba, peke yake, bila mutu kumuangalia. Kwa mama muzee mwenye haya hiyo ni njia nzuri, lakini inaomba maabara yenye mashine.

Kwa hiyo kuita wamama wote, wa 30 na wa 70, kwa kipimo kimoja cha vinegri ni kuwapoteza wengine njia. Mama wa miaka 65 akitembea kutwa nzima na kuambiwa "kwako hatuoni vizuri", hatarudi, na majirani zake hawatakuja. Kwake yeye ujumbe unaookoa ni mwingine: damu ikitoka baada ya mama kukoma kuona mwezi, hata kidogo, hata mara moja, si kitu cha kawaida. Kuna wenye kusema ujana umerudi. Kuna wenye kuficha juu ya haya. Mara nyingine sababu ni ndogo, lakini inaweza kuwa kansere, na muganga ndiye anafaa kutenganisha. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, ao uchafu wenye harufu usioisha na dawa.

Kwa maziwa, mutego ni maumivu. Mama anagusa kitu kigumu ndani ya ziwa, hakiumi, anasema hakuna shida. Kumbe uvimbe wa kansere ya ziwa mwanzoni mara nyingi hauumi. Ziwa lenye kugeuka umbo, ngozi kuvutwa ndani, chuchu kutoa damu: hayo yote ni ya kuonyesha muganga bila kungoja kidonda.

Neno ambalo linavunja nyumba

Kuna sababu nyingine inayofanya wamama wazee wakae kimya, na ni ya nyumbani. Wakisikia kwamba HPV inapita kwa tendo la ndoa, swali linalofuata ni: nani alitembea inje? Mama wa miaka 60 hataki kurudi kutoka kituo na karatasi itakayomufanya bwana yake ao wake wenzake wamuangalie vibaya. Anaona heri asijue.

Wanaofundisha wanafaa kusema wazi kwamba virisi hii haitoi ushahidi juu ya mutu yeyote. Inaweza kuingia mwilini mwanzo wa ndoa, ao mbele ya ndoa, na kuonekana miaka 20 nyuma. Haionyeshi nani aliileta wala lini. Mama aliyeolewa na bwana mmoja maisha yote anaweza kuwa nayo, na baba anaweza kuibeba bila kujua. Neno hilo likisemwa na muganga peke yake linasikika nusu. Likisemwa pia musikitini na kanisani, mbele ya wababa, linaweza kulinda nyumba. Wababa ndio mara nyingi wanatoa feza na ruhusa ya safari, lakini mafundisho yanapelekwa kwa wamama tu.

Kisha kupima, njia inaenda wapi?

Hapa ndipo wazee wana haki zaidi. Maniema ina zone za afya 18. Kusini kuna Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Saramabila. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo mvua inaiharibu. Katika jimbo hakuna mashine ya kutunza kansere kwa mionzi. Zamani jamaa zenye uwezo zilitafuta njia ya Goma ao Bukavu. Tangu M23 iliingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, njia hiyo imekuwa ngumu, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Upande wa Salamabila, kwenye zahabu ya Namoya, wakaaji wamejua miaka ya wasiwasi juu ya vikundi vya silaha. Kumuambia muzee wa huko "ukikutwa nayo utaenda mbali" ni sawa na kumuambia abaki.

Lakini si kila kinachokutwa kinaomba safari. Ngozi iliyoanza kubadilika ku mulango wa kizazi inaweza kutunzwa kwa baridi ao kwa joto, bila kulala hospitali. Kifaa cha joto, ambacho OMS ilitolea muongozo mwaka wa 2019, kinaweza kutumia batri, kubebwa kwa pikipiki, na kumaliza kazi kwa dakika chache. Maana yake, kwa kansere hii dawa inaweza kusafiri pamoja na timu, kama zamani kwa ugonjwa wa usingizi. Mama anapimwa na kutunzwa siku moja, na hakuna mutu anayerudishwa nyumbani na woga peke yake.

Kasongo haifai kuwa mugeni kwa wazo hilo. Katika miaka ya 1970, timu ya hapa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Inchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, ilijaribu mupango wa vituo vidogo vya afya karibu na watu na hospitali moja yenye kupokea wanaotumwa. Habari ya kazi yao juu ya chanjo ya surua ilitoka katika gazeti la waganga The Lancet mwaka wa 1981, na mupango wa Kasongo ni kati ya mifano iliyosaidia kuzaa zone za afya, ambazo leo katika RDC ni 519. Fundisho lake lilikuwa jepesi: kituo na hospitali vijuane, na mugonjwa anayetumwa apokelewe. Bila hilo, depistaje ni nusu ya kazi.

Dunia imejipa lengo la mwaka wa 2030: wasichana 90 kwa 100 wapewe chanjo ya HPV mbele ya kufika miaka 15, wamama 70 kwa 100 wapimwe kwa kipimo kizuri mbele ya miaka 35 na tena mbele ya 45, na 90 kwa 100 ya wenye kukutwa na shida watunzwe. Wazee hawako katika mustari wa mbele wa hesabu hiyo. Wao wanategemea zaidi kujua dalili na kufika mapema. Ndiyo sababu habari yao isikatwe kwa kipimo cha vijana.

Nini inafaa kubadilika

Kabla ya kutoa mwito, radio na zone ya afya wakubaliane majibu matano, na wayaseme hewani kila mara: ni nani mwenye kuitwa na wa umri gani, ni kituo gani na siku gani, ni bei gani ao ni bure, ni nani atapima, mwanamuke ao mwanaume, na mutu akikutwa na shida, atatunzwa wapi na nani atalipa. Kama jibu moja halipo, mwito ungoje, na kazi ya radio iwe kuliulizia kwa wakubwa.

Lugha nayo ina uzito. Tangazo lenye "depistaje ya kansere ya mulango wa kizazi" linapita juu ya kichwa cha mama wa Kibangubangu ao wa Kizura aliyemaliza shule katika darasa la pili. "Damu ya mama aliyekwisha kukoma" anaielewa mara moja. Na reko wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza juu ya watoto na vyandarua wanaweza kuongeza swali moja tu: "Kuna muzee katika nyumba hii mwenye damu, uvimbe ao mukojo kuziba?"

Kwa sasa, wenye wazee nyumbani wakumbuke hivi. Uvimbe usioumi ndani ya ziwa, damu baada ya kukoma kuona mwezi, damu katika mukojo, kidonda kisichopona, kukonda bila sababu: hayo si uzee. Yapelekwe kwa kituo cha afya cha karibu mbele ya kwenda kwa mwenye mizizi. Muzee asiende peke yake. Mutoto ao mujukuu amusindikize, abebe fishi, na aulize mbele ya kutoka: tumekuta nini, na hatua inayofuata ni wapi? Muzee aliyepata jibu wazi ataelezea wenzake, na kwa wazee neno la mwenzao linabeba uzito kuliko tangazo.